UZI: Jamaa wa Dublin aliyemnyang'anya James Bond adui yake

Mzee wa Reli (mwanzisha uzi):

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Miaka ya tisini kule Tabora, banda umiza la mtaani kwetu lilikuwa na kanda mbili za James Bond zilizotugombanisha sana. Ya kwanza, majambazi wanaiba ndege yenye mabomu mawili ya nyuklia, wanaificha chini ya bahari, steringi anatua Bahamas, anakutana na mrembo Domino na adui anaitwa Largo. Ya pili, yanaibwa makombora mawili ya nyuklia, steringi anatua Bahamas, Domino yupo, Largo yupo. Steringi ni yuleyule Sean Connery, ila safari hii ana uzee usoni, na ule muziki wa Bond tuliouzoea haupigwi hata mara moja. Tukamvaa mwenye banda: umetuwekea feki! Mzee akaapa kwamba zote ni orijino. Tukadai hela yetu, hatukupewa.

Leo nina mvi na ninajua kwamba mzee wa watu alikuwa sahihi. Zote ni orijino, na sababu ya kuwa mbili ni mtu mmoja, mtayarishaji wa filamu kutoka Dún Laoghaire, mji wa bandari jirani na Dublin kule Ayalandi. Anaitwa Kevin McClory.

Nitaleta kwa vipande. Niko kazini, msinikimbize.

Chausiku:

Nimekaa siti ya mbele, karanga hizi hapa. Mods msije mkauhamishia jukwaa la michezo.

Fundi Redio:

Nasubiri hapa. Ila mkuu usije ukatufanyia kama ule uzi wako wa Titanic, uliishia meli bado haijang'oa nanga.

Mzee wa Reli:

Fundi Redio umenishikia kisu 😂 Huu nitaumaliza.

Tuanze na jamaa mwenyewe. Alizaliwa miaka ya 1920, wazazi wake watu wa jukwaani, waigizaji. Vita vya Pili vikamkuta kijana, akaingia meli za mizigo kama afisa wa redio. Februari 1943, katikati ya Atlantiki ya Kaskazini, nyambizi za Wajerumani zikaipiga topido meli aliyokuwamo. Akaelea kwenye mashua ya kuokolea karibu wiki mbili, baridi kali, na wapo waliokatia roho humohumo mbele ya macho yake. Alipofikishwa nchi kavu hakuwa na sauti. Kusema kulirudi taratibu kikiwamo kigugumizi, na hicho hakikumwacha mpaka kaburini.

Kishikeni hicho kigugumizi. Kazi ya mtayarishaji wa filamu, ukiondoa mbwembwe zote, ni kumkalisha tajiri kwenye kiti na kumshawishi atoe hela kwa kitu ambacho bado hakipo. Sasa mfikirie mtu anaifanya kazi hiyo huku neno linamgomea mdomoni.

Baada ya vita akaenda London, studio za Shepperton, akaanzia chini kabisa. Alikuwa yule anayeshika mti mrefu wenye maiki juu ya vichwa vya waigizaji. Kwenye kazi hiyo ndipo akaangukia mikononi mwa mwongozaji John Huston, na jina lake limo kwenye timu ya sauti ya The African Queen, ile ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn iliyopigwa 1951 Uganda na Congo ya Wabelgiji. Huston akampenda, akawa anamvuta kazi baada ya kazi, mpaka kwenye Moby Dick akawa msaidizi wa mwongozaji.

Ujiji Mwisho wa Reli:

Simamisha gari hapo hapo! Unaitaja African Queen halafu unapita kama umeona kibao cha kijiji? Hiyo stori ni ya kwetu Ziwa Tanganyika. Ile meli ya Wajerumani kwenye hadithi imechongwa kutokana na Graf von Götzen. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande, ikawekwa kwenye makasha kama elfu tano, ikashuka Dar, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikaungwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe. Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. MV Liemba, mabwana! Bibi yangu kaipanda na mbuzi wake hadi Kasanga.

Mzee wa Reli:

Ujiji nimekosa, nisamehe. Tena ninyi watu wa Kigoma mlistahili kutajwa kwanza.

Tuendelee. Katikati ya miaka ya hamsini McClory akahamia kwa Mmarekani mmoja mwenye makeke, Mike Todd, aliyekuwa akitengeneza Around the World in 80 Days. Akawa mtayarishaji mshiriki, na sinema ikabeba Oscar ya filamu bora ya 1956. Wambea wa enzi hizo wanajua pia kwamba McClory alikuwa na uhusiano na Elizabeth Taylor, kisha Todd huyohuyo, bosi wake, ndiye akamuoa. Sisemi kitu.

Kwa Todd alijifunza kwamba sinema ni tukio, lazima umwonyeshe mtazamaji mahali ambapo nauli yake haimfikishi. Mbona basi alipopata nafasi ya kutengeneza ya kwake, 1959, akatoa kasinema kadogo ka mtoto anayetoroka nyumbani na kwenda kuishi ndani ya daraja la Tower Bridge pale London? The Boy and the Bridge. Aliiandika na wenzake, akaiongoza, akaitayarisha. Ikafika tamasha la Venice. Kwenye majumba ya sinema ikabuma.

Lakini aliyetoa fedha za hiyo sinema ni tajiri mmoja, Ivar Bryce, mwenye makazi Bahamas. Na Bryce alikuwa na rafiki wa tangu ujana, mwandishi wa riwaya za jasusi. Jina lake Ian Fleming.

Fundi Redio:

Ehee! Sasa mchuzi umeanza kuchemka.

Mzee wa Reli:

Fleming kufikia 1959 alishachapa riwaya kadhaa za Bond na alikuwa akitamani sana ziende kwenye skrini. Hakuna studio kubwa iliyokuwa imeshikika. McClory akazisoma, akasema jambo ambalo mwandishi hapendi kulisikia: vitabu vyako havifai. Mhusika ni dhahabu, lakini tumtungie stori mpya, ya macho, tumtoe vyumbani tumpeleke baharini. Yeye alikuwa mtu wa bahari, na Bahamas aliifahamu. Chini ya maji, rangi, papa, wapiga mbizi wanapigana kwa mishale.

Wakakaa wanne, Fleming, Bryce, McClory na mwanasheria wa Kimarekani Ernest Cuneo, wakatupiana mawazo. Cuneo akaandika muhtasari wa kwanza. Fleming akajaribu kuandika skripti, haikukaa. McClory akamleta mwandishi mzoefu wa sinema, Jack Whittingham, na rasimu zikaanza kuwa na sura ya muvi. Humo ndimo likakomaa lile genge la SPECTRE na bosi wake Blofeld, wahalifu wasio na nchi. Hii ilikuwa hesabu nzuri. Ukimweka Mrusi kuwa adui, leo kuna vita baridi, kesho wamepatana, muvi yako imechacha.

Kisha The Boy and the Bridge ikabuma, na Fleming akaanza kumwona McClory kama mtu wa gundu. Mapema 1960 akaenda kwenye nyumba yake Jamaica kama kawaida yake ya kila mwaka, akakaa na taipureta, akatoka na riwaya. Mabomu mawili, Bahamas, Largo, Domino, SPECTRE. Akaiita Thunderball. Kwenye jalada jina moja tu, la kwake.

Chausiku:

Hapo nimeishiwa karanga na hamu ya kula imekata.

Ngoja niseme langu. Mwaka juzi nilimpelekea mtayarishaji mmoja, jina kapuni, skripti ya kurasa 60 kwa WhatsApp. Akanijibu "nzuri dada, nitakutafuta". Miezi minane baadaye naona tamthilia: mke mkubwa, kisima kilichokauka, hirizi ndani ya gunia la mchele, vyote vyangu. Amebadilisha jina la kijiji tu. Nilimpigia, akasema mawazo hufanana. Jamani, hirizi ndani ya gunia la mchele nayo hufanana?

Wakili Mchovu:

Pole Chausiku. Nitasema kidogo halafu nirudi kwenye mafaili yangu.

Hakimiliki hailindi wazo. "Mke mkubwa anamroga mke mdogo" hata bibi yako anaweza kulitumia kesho. Kinacholindwa ni ulivyoliandika: matukio kwa mfuatano wake, wahusika na tabia zao, mazungumzo. Kwa hiyo swali la mahakama haliwi "nani alianza kuwaza" bali "nani aliandika nini, lini, na mwenzake alikiona wapi". Huo ujumbe wa WhatsApp una tarehe, usiufute. Na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo, nenda na nakala yako.

Huyo McClory kilichombeba ni karatasi. Kulikuwa na barua za Fleming mwenyewe, mihtasari, rasimu za Whittingham, vyote na tarehe zake kabla ya riwaya. Mzee wa Reli endelea, nimekuingilia.

Mzee wa Reli:

Wakili hujaniingilia, umenisukumia gari.

Machi 1961 McClory akasoma nakala ya riwaya kabla haijaingia sokoni. Yeye na Whittingham wakakimbilia Mahakama Kuu London kuomba zuio. Jaji akakataa kuzuia, vitabu vilishasambazwa, lakini akawaachia mlango wa kesi yenyewe. Mwezi uliofuata Fleming akapata shambulio la moyo.

Kesi ikasikilizwa Novemba 1963. Kufikia hapo Whittingham alishajitoa kama mdai, McClory kabaki peke yake na kigugumizi chake dhidi ya mwandishi mwenye jina na rafiki tajiri. Haikufika hukumu. Upande wa Fleming ukaomba yaishe nje. Wakagawana hivi: riwaya ibaki ya Fleming, ila toleo lolote lijalo liandikwe kwamba chanzo chake ni andiko la sinema la McClory, Whittingham na mwandishi. Skripti zote na haki ya kutengeneza sinema ya stori hiyo zikaenda kwa McClory.

Miezi tisa baadaye, Agosti 1964, Fleming akafariki. Alikuwa na miaka 56.

Angalieni sasa ujanja wa dunia. Wakati kesi inasubiri, watayarishaji wawili wa sinema, Broccoli na Saltzman, walishanunua haki za riwaya nyingine za Bond. Thunderball ndiyo waliyotaka kuanza nayo, lakini ilikuwa na kesi, wakaanza na Dr. No, 1962. Sinema zikalipuka, Connery akawa Connery. Na humo ndani walishamtumia SPECTRE kama adui, wakati kwenye riwaya zile SPECTRE hayupo! Yaani walikuwa wanakula kwenye sahani ambayo haijajulikana ni ya nani. McClory alipotoka mahakamani na skripti mkononi, wakaogopa asije akatengeneza Bond wa kwake, wakamkaribisha mezani.

Thunderball ikatoka 1965, jina la mtayarishaji ni Kevin McClory, Broccoli na Saltzman wakiwa ndio "wanaowaletea". Dr. No ilitumia kama dola milioni 1. Hii ikatumia milioni 9 na kuingiza milioni 141 duniani kote, ikachukua na Oscar ya madoido ya picha. Karibu robo ya muvi iko chini ya maji. Mtoto wa Dún Laoghaire aliyenusurika baharini, bahari ikamlipa.

Kwa malipo hayo alikubali sharti moja: asitengeneze sinema nyingine ya stori hiyo kwa miaka 10.

Mkunazini:

Wallahi mimi namuona Fleming ndiye mwizi na mambo yaishie hapo. Mtu mmekaa pamoja, mmekula pamoja, unakwenda Jamaica unaandika peke yako? Hiyo kwetu ni khiyana.

Fundi Redio:

Mkunazini taratibu. Bila Fleming hakuna Bond. Jina, bunduki, martini, namba 007, vyote vya Fleming. Huyo mwingine kaja na papa na mabomu, halafu anataka nusu ya nyumba.

Mkunazini:

Hajataka nusu ya nyumba sheikh, kataka chumba alichojenga yeye.

Mzee wa Reli:

Nyote mna pointi, na ndiyo maana mawakili walikula mpaka wakashiba. Mimi nina msimamo wangu. McClory aliibiwa mara moja, 1961, na akalipwa. Kilichofuata alijifanyia mwenyewe.

Miaka 10 ikaisha. Mwaka 1976 akatangaza Bond mpya, skripti kaandika na Connery pamoja na mwandishi Len Deighton. Upande wa pili wakatishia mahakama, mradi ukafia mezani. Lakini naye kawauma: walipokuwa wanaandaa The Spy Who Loved Me, iliyotoka 1977, ilibidi wamtoe Blofeld na SPECTRE, wakamtunga adui mwingine. Jasusi mkubwa duniani hana adui yake! Mwaka 1981 wakajibu kwa dharau. For Your Eyes Only inaanza na mzee kipara, Blofeld mtupu, kwenye kiti cha magurudumu, paka mweupe mapajani, uso hauonekani, jina halitajwi. Bond anamnyanyua kwa helikopta anamtupa ndani ya bomba la moshi la kiwanda. Kila aliyefuatilia alijua hizo salamu zinakwenda kwa nani.

Mwaka 1983 ndipo ikatoka ile kanda ya pili ya Tabora. Never Say Never Again, mtayarishaji Jack Schwartzman, McClory akiwa mtayarishaji mtendaji. Connery kapita miaka 50, alishaapa hatamcheza Bond tena, na jina la muvi likatoka kwa mkewe kwa utani wa kiapo hicho. Muziki wa Bond haukupigwa kwa sababu si mali ya McClory. Haki yake ilikuwa stori hiyo moja, ndiyo maana ikabidi Largo yuleyule, Domino yuleyule, mabomu yaleyale. Mwaka huohuo Roger Moore, Bond wa akina Broccoli, alikuwa na Octopussy. Magazeti yakaita vita vya Bond. Moore akaingiza milioni 187, Connery 160. Kashindwa, lakini si kipigo cha aibu.

Sasa hesabuni nami. Baada ya The Boy and the Bridge mpaka anakufa, sinema za kuigiza alizotoa ni mbili, na zote ni stori moja. Mtu aliyeshika maiki kwa Huston, akakaa jikoni kwa Todd, akaona mbele ya Fleming mwenyewe kwamba Bond anahitaji bahari. Jicho lile lingetupa nini kingine? Hatukupata. Alibaki kuilinda Thunderball kama mtu anayelala mlangoni kulinda gunia moja la mahindi wakati mvua ya shamba inapita.

Chausiku:

Umenigusa vibaya Mzee wa Reli. Ila ukiwa umeibiwa, usingizi hauji kwa kuambiwa.

Mzee wa Reli:

Ni kweli dada. Rahisi kusema ukiwa na chai mkononi.

Kipande cha mwisho. Mwaka 1997 kampuni ya Sony ikaungana naye kutangaza Bond wao wa kushindana na yule wa MGM, studio ya sinema za akina Broccoli. MGM wakashtaki. Machi 1999 makampuni yakapatana: Sony wakaachana na Bond na kukabidhi haki za riwaya ya Bond iitwayo Casino Royale walizokuwa nazo tangu zamani, MGM nao wakaacha madai yao juu ya Spider-Man. McClory akabaki nje ya mapatano anaendelea na kesi peke yake, akidai Bond wa sinema kwa ujumla ana damu ya zile skripti, kwa hiyo anastahili fungu kwenye muvi zote. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya Marekani ikamwambia amechelewa mno, angedai miaka hiyo.

Wakili Mchovu:

Ndiyo, amelalia haki yake. Mtu aliyeshinda mahakamani muda mwingi kuliko kwenye seti anaambiwa alilala. Nilipoisoma hukumu ile nilicheka, kisha nikamhurumia.

Mzee wa Reli:

Alifariki Novemba 2006, siku chache baada ya uzinduzi wa Casino Royale ya Daniel Craig. Muvi ile isingekuwa mikononi mwa wale jamaa kama si vurugu aliyoianzisha yeye na Sony. Spider-Man wa 2002 naye ana deni lake kidogo.

Mwaka 2013 warithi wake wakauza haki zote kwa MGM na wenye Bond. Mwaka 2015 ikatoka muvi mpya, na jina lake likawa Spectre. Walikuwa na hamu ya neno hilo miaka 40 na ushee.

Mkunazini:

Na huko Ayalandi kwenyewe, wana sinema wale? Au wote hukimbilia London kama huyu?

Mzee wa Reli:

Enzi za kijana McClory hakukuwa na pa kukimbilia nyumbani. Studio za Ardmore pale Bray zilifunguliwa 1958, yeye alishaondoka. Siku hizi ni habari nyingine, serikali inarudishia watayarishaji sehemu ya kodi na bodi ya filamu ilifufuliwa 1993. Braveheart, muvi ya Waskoti, mapigano yake makubwa yalipigwa huko 1994 na wanajeshi wao wa akiba ndio waliokuwa wanakimbizana uwanjani. Na kuna kampuni ya Dublin inaitwa Element Pictures, ya Ed Guiney na Andrew Lowe, tangu 2001. Wametoa Room, The Favourite, Poor Things, na kwenye televisheni Normal People. Wao hawakushika gunia moja. Huo ni uzi mwingine, nikipata likizo.

Fundi Redio:

Umemaliza kweli! Naomba radhi kwa ile ya Titanic. Swali moja: nianze na kanda ipi?

Mzee wa Reli:

Ya 1965 kwanza, usiku, taa zimezimwa. Ya pili angalia wikiendi nyingine kabisa. Ukiziangalia siku moja utadai hela yako.

Ujiji Mwisho wa Reli:

Mimi nasubiri African Queen. Na Liemba ipewe uzi wake.

Mzee wa Reli:

Huo uanzishe wewe, bibi yako na mbuzi ni wa kwenu. Nitakaa siti ya mbele.